Mifuko ya Salfa

Mchujo ni Ijumaa, baada ya vipindi.
Kikosi cha washangiliaji kinataka kumi na wawili,
tumejiandikisha thelathini na mmoja,
na jina langu, Somoe, ni la mwisho,
kwa kalamu ya kuazima, limebanwa pembeni mwa karatasi.

Mwalimu Nandonde kasema kila mtu aje na vishada vyake.
Maduka ya Newala hayana vishada. Yana betri, majembe,
na kanga za kumsema jirani.
Basi nimechana mifuko ya salfa aliyoiacha baba ghalani,
uzi kwa uzi, jioni mbili,
hadi vidole vikawa vya njano na pua ikawasha
kana kwamba msimu wa kupulizia mikorosho umerudi.
Mama akauliza, hiyo ni shule au kiwanda?
Sikujibu. Nilikuwa nahesabu.

Moja mbili, tatu nne, mkono wa kulia juu.
Tano sita. Hapo ndipo ninapokosea.
Tano sita ni kiuno, mimi hupeleka bega.
Mdogo wangu Twalibu ndiye hakimu:
amekalia dumu tupu, anatafuna muhogo mbichi.
"Umekosea," anasema. "Umekosea tena."
Hajawahi kutamka kwamba nimepatia.
Akinyamaza, najua.

Uwanja wangu uko nyuma ya choo, mikorosho inapoachana.
Ukungu wa Juni haujainuka;
nikinyoosha mkono naona kiwiko, kiganja sikioni.
Humo mimi ni hodari. Humo napiga msamba
na hakuna wa kushuhudia kwamba haufiki,
kwamba kati yangu na ardhi
umebaki unene wa kitabu cha jiografia.
Jumatatu vilikuwa vitabu viwili.

Sauti ninayo. Sauti hii ilinichapisha darasa la tano,
ikanitoa ndani ya madrasa nikasomee kibarazani,
maana nilikuwa nawapoteza wenzangu aya.
Punguza, Somoe. Punguza, watu wamelala.
Leo shule nzima inaniomba niilete,
na mimi naogopa, je, nikifungua kinywa
ikatoka ile niliyoipunguza?

Sisi wa juu, hatushuki!
Ndiyo kauli yetu ya kuwapigia Kitangari.
Nimeipayuka mara arobaini ndani ya ukungu
kabla sijakumbuka kwamba tunashuka kila siku,
na ndoo, bondeni, kufuata maji.

Shamila kahamia kutoka Mtwara mjini.
Ana raba nyeupe na miguu inayoruka bila kuuliza.
Mimi nitakwenda peku.
Kila mtu anajua Shamila atakuwa kileleni,
piramidi ikijengwa: watatu chini, wawili kati, mmoja angani.
Nisiseme uongo, hata mimi nilijiota huko,
vishada vya njano juu ya vichwa vya watu,
mkuu wa shule ameinua shingo kunitazama.

Jana nilimbeba Twalibu mabegani.
Alishika dumu, safari hii lina maji.
Nikahesabu moja, nikahesabu mbili,
nikahisi ule mlima wa tangu darasa la pili
umeniingia shingoni, mgongoni, kwenye visigino,
umekaa humo miaka yote kama akiba niliyoisahau.
Nane. Dumu halikumwaga hata tone.
Nikasubiri aseme.
Akanyamaza.

Usiku nilikuta kaptula juu ya mkeka wangu,
imekatwa kwenye suruali ya baba iliyochakaa goti,
mshono wa mkono, mzito, wa kuvaa chini ya sketi.
Mama alikuwa amegeukia ukutani, anajifanya amelala.

Kesho bado ni Alhamisi.
Vidole vyangu bado vya njano.
Tano sita ni kiuno. Kiuno, Somoe, si bega.